Juwe ya Kulasi

Barua ya kunifanya prefe ilifika Jumanne, na gari likafa Alhamisi. Naeleza kwa mpangilio huo kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili, na mmoja wao ni mama mkwe wangu, aliyesema hivyo kwa simu kutoka Mahagi, akijua nasikia.

Prefe kwetu ni mkuu wa shule ya sekondari. Shule yenyewe iko upande wa Bogoro, kwenye barabara ya kwenda ziwani, na muhula wa pili ulikuwa uanze Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa hapa mjini Bunia. Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, shule ileile, chumba cha walimu kilekile, na nafasi hiyo tuliiomba wote wawili. Tuliandika barua zetu juu ya meza moja. Nilimsahihishia makosa yake ya Kifaransa, yalikuwa mawili, akanishukuru. Ilikuwa mara yake ya tatu kuomba uprefe. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza.

Jibu liliporudi na jina langu, alilisoma amesimama, akalisoma tena ameketi, kisha akatoka akarudi na soda mbili. Tulikunywa. Alisema, "Felisitasyo, mama," yaani hongera, halafu akasema breki za gari zingetazamwa kabla sijaanza kwenda Bogoro kila siku. Baada ya hapo hakuligusa jambo hilo tena.

Gari ndilo lililokuwa kila kitu. Miaka miwili kabla nilianguka na moto, maana yake pikipiki ya kukodi, nikavunjika nyonga, na daktari aliyenihudumia aliniambia nikipanda moto tena nitafute daktari mwingine. Kuhamia huko peke yangu na kuwaacha watoto wawili sikutaka. Kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: nina leseni, naendesha asubuhi, narudi jioni. Bila gari ningelazimika kuandika barua ya kukataa, na nafasi ingempata wa pili kwenye orodha. Nilimjua wa pili kwenye orodha. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunaenda kuiona shule, na hatukuifikia. Gari letu ni dogo, la Kijapani, lilizeeka Uganda kwanza, kisha likaja kuzeeka kwetu. Kwenye mpando lilianza kutoa moshi mweupe nyuma na mvuke mbele, likakohoa mara tatu na kunyamaza. Tulivutwa kwa kamba kurudi mjini na lori lililotoka ziwani na samaki. Abiria waliokuwa juu ya magunia ya samaki walitupungia mkono njia nzima. Mume wangu alishika usukani akitazama mbele, nami nilitazama uso wake kutoka pembeni nikitafuta kitu. Sikukiona, lakini sikuacha kutafuta.

Nyumbani alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya moteri, yaani injini. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji inaingia mu mafuta," alisema. Alisema kwa furaha kidogo, furaha ya mwalimu anapoona kitabu hakikudanganya. "Ni juwe ya kulasi. Imeungua."

Niliambiwa mara nyingi sana katika likizo ile juwe ya kulasi ni nini, basi nitaeleza mara moja. Kulasi ni kile kichwa kizito cha chuma kinachofunika moteri kwa juu. Kati yake na moteri kuna bati jembamba lenye matundu, ndilo juwe, na kazi yake ni kuzuia maji, mafuta na moto visijuane. Likiungua, vinajuana. Kulibadilisha si ghali wala si uchawi, ila ni lazima moteri yote ivuliwe hadi kifuani.

Fundi wetu alikuwa ameondoka kwenda kula Noeli kwao, na asingerudi kabla ya katikati ya Januari. Fundi mwingine, aliyebaki mjini, alilitazama gari akiwa tayari amevaa suruali ya sikukuu, akasema tungoje Bonane ipite. Kwetu Bonane ni mwaka mpya, na haipiti upesi.

"Miye nitaifungua," mume wangu alisema.

"Ku garaji gani?"

"Hapa. Iko konje, shule imefungwa. Niko na siku makumi mbili."

Ni lazima niseme ukweli juu ya elimu yake. Kwa miaka kumi na tisa mume wangu amefundisha moteri ya mipigo minne. Anaichora ubaoni kwa chaki za rangi tatu, maji ya bluu, moto mwekundu, na wanafunzi wake wa zamani wakikutana naye sokoni bado humtajia mipigo hiyo kwa mfuatano. Lakini moteri ya kweli, ile yenye grisi, hakuwahi kuifungua. Alikuwa na kle, yaani spana, saba, moja ikiwa ya baiskeli.

Watoto tulikuwa tumewapeleka kwa nyanya yao Mahagi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu, na moteri ikaingia mahali pao. Siku ya kwanza vilivuliwa vitu vidogo, bomba za maji, nyaya, mkanda. Siku ya pili kulasi yenyewe ilitoka, ikabebwa na sisi wawili kama maiti ya mtu mfupi, ikalazwa juu ya meza ya kulia. Buloni zake kumi, zile bolti za kuikaza, zililowekwa kwenye mazutu, yaani dizeli, ndani ya sufuria yangu ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Nilipouliza kwa nini sufuria hiyo, alisema ndiyo yenye upana unaofaa. Nilipouliza sombe ya Noeli ingepikwa wapi, aliniuliza kama sombe ni ya lazima.

Kazi yangu ilikuwa majina. Kila kilichotoka nilikifunga karatasi na kuandika kimetoka wapi, kwa Kifaransa safi, na vitone vyake vyote juu ya herufi. Yeye alichora ramani. Tulifanya kazi vizuri, hilo siwezi kukataa, tunajua kufanya kazi pamoja. Ila hatukuzungumza. Yaani tulizungumza sana juu ya buloni, na kila mara aliponiambia nimpatie kle ya kumi na nne nilijiuliza kama anafungua au anachelewesha. Alikuwa akipangusa kitu kimoja kwa nusu saa. Aliukwangua uso wa kulasi kwa wembe hadi ukang'aa, kisha akaweka juu yake rula ya chuma ya ubaoni, akachungulia chini yake kwa jicho moja, akageuza rula, akachungulia tena.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Na akachungulia tena.

Noeli ilipofika, wageni walikuja kama kila mwaka, na kama kila mwaka tulitoa viti vya plastiki. Kwa kuwa mume wangu hakutaka kuliacha gari, viti vilipangwa kulizunguka. Kapo, mfuniko wa mbele, ilikuwa wazi, ndani hakuna kitu cha maana, na mwenye nyumba ameketi karibu, mikono imelegea juu ya magoti. Mama mmoja wa parokia yetu aliingia kwa mlango wa ua, akaona mduara ule, akajifunga kitenge vizuri kiunoni na kuanza kulia. Tulimwambia hakuna matanga, ni gari. Alifuta machozi, akaketi, akasema pole hata hivyo. Kabla ya kuondoka alituombea, na katika sala yake aliitaja kulasi, ingawa aliiita kurasa.

Wageni wengine walikuja na ushauri. Jirani wa upande wa barabara, anayefuga ng'ombe na hana gari, alisema tatizo ni betri. Mwalimu mwenzetu wa historia alileta jambo lingine. Alikuwa amemaliza biskuti na bia, kwa mfuatano huo, akamgeukia mume wangu mbele ya watu wote.

"Basi bibi yako iko naenda kuwa prefe. Na weye utakuwa nani?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa nimeshika sinia na sikujua niuweke wapi uso wangu. Mume wangu alimtazama mwalimu wa historia kwa utulivu.

"Unikalie mbali na ile sufuria," alisema, "utamwanga buloni yangu."

Hakuna aliyeondoka akijua kama hilo lilikuwa jibu. Mimi nilikasirika, na nilimkasirikia yeye wala si yule mwalimu. Ningependelea apige meza. Mtu anayepiga meza unajua yuko wapi.

Sasa nifike kwenye kosa. Juwe jipya halikupatikana Bunia. Maduka yaliyokuwa wazi yalikuwa na ya malori, na moja lilikuwa na la gari letu hasa, ila limekatika. Lakini nina mdogo wangu wa kiume Aru, mpakani, anayevuka kila wiki kwenda Arua upande wa Uganda kuchukua bidhaa, na Arua kuna kila kitu. Ilibaki kumtumia ujumbe. Mume wangu aliuandika kwenye simu yangu, akanionyesha. Ulisema, *Tununulie juwe ya kilasi*, pamoja na aina ya gari na mwaka wake.

Niliutazama ujumbe ule kama ninavyotazama karatasi ya mtihani. Juwe. Kilasi. Mimi mke wake nimefundisha Kifaransa miaka kumi na minne.

"Hauwezi kutuma hii."

"Iko na nini?"

"Ni *joint*. Na *culasse*, na s mbili. Batu batasema nini?"

"Batasema nini? Ni batu ya duka. Afazali tutume picha."

"Picha ni ya batu benye habajui kuandika," nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo. Nikafuta maneno yake, nikaandika yangu, sahihi, na nikatuma.

Kifurushi kilitufikia siku tatu kabla ya Bonane, kimeletwa na dereva wa gari la abiria kutoka Aru. Kilikuwa kizito. Nilifurahi kwa uzito ule, mimi nisiyejua kwamba bati jembamba halina uzito. Mume wangu alikipima mkononi na uso wake ukabadilika kabla hajakifungua. Ndani mlikuwa na maboksi mawili. Ndani ya kila boksi mlikuwa na kipande cha chuma chenye kichwa cha mviringo na mkia wa buloni, kile kinachokaa karibu na gurudumu na ambacho mafundi wetu hukiita rotili. Vilikuwa vipya, vizuri, na ni vya aina ya gari letu kabisa.

Mume wangu alikaa chini. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Jumanne ile ya barua, na neno nililokuwa nimelificha siku zote hizo likatoka lenyewe.

"Weye unataka isiwake," nilisema.

Aliacha kucheka.

"Unataka ikae hivi hivi mupaka Jumatatu ipite. Miye niandike barua ya kukataa, halafu batakuita weye. Sema tu. Niko nangojea useme."

Nilisema na mengine, juu ya rula, juu ya nusu saa kwa kipande kimoja, juu ya soda mbili zisizokuwa na neno ndani yake. Alichukua kitambaa akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, na mikono yake wakati huo ilikuwa imefika mahali ambapo kufuta hakusaidii.

"Siku ya kwanza nilitaka," alisema. "Wakati lori ilikuwa natuvuta. Pale nilitaka. Sitakuambia uongo."

"Na sasa?"

"Sasa nimekwisha kufungua moteri."

Alifikiri kidogo, kama anavyofikiri mwanafunzi anapomuuliza swali lisilo kwenye kitabu.

"Naumia, mama. Mara tatu nimeandika ile barua, na mara tatu naumia. Lakini moteri haijanikosea kitu. Na weye pia haujanikosea." Kisha akasema, "Ita mudogo yako, tujue hii bintu inatoka wapi."

Nilimpigia mdogo wangu simu nikiwa bado na hasira, na hasira inayotafuta mtu wa kumwangukia humpata aliye mbali. Nilimuuliza kama alikuwa amelewa.

"Yaya, miye nilinunua ile uliandika," aliniambia mimi dada yake mkubwa.

"Miye niliandika *joint*."

"Eeh. Na ile ni joint." Alilitamka kwa Kiingereza, *joyint*. Hapo nilianza kuelewa, na nilitamani nisielewe. Mdogo wangu alikulia Uganda, kwa mjomba, miaka ya vita. Amesoma kule, kwa Kiingereza, na Kifaransa chake kinaishia kwenye salamu. Alikuwa amevuka mpaka na ujumbe wangu, akamwonyesha muuza duka wa Arua, na muuza duka akasoma kama wanavyosoma wote huko, akaenda rafuni akaleta kilichoandikwa, maana rotili kwa Kiingereza ni *joint*.

"Ile inasomwa *juwe*," nilimwambia.

"Lakini inaandikwa joint, yaya."

"Na *culasse*? Hauliona *culasse*?"

"Nilizania ni marike, jina ya bale banatengeneza. Nikamwambia muuzaji, kama Culasse haiko, lete marike yoyote." Alisita. "Niliongeza ya pili. Ya zawadi ya Noeli."

Nilimshukuru kwa zawadi. Kisha akasema jambo ambalo hakuhitaji kulisema. "Ungeandika *juwe*, yaya, ningekuita nikuulize ni nini. Ile neno siijui."

Simu ilikuwa kwa sauti ya wazi. Mume wangu alikuwa amesimama karibu yangu na alisikia yote. Niliona haya. Sina njia nyingine ya kulisema. Kwa wiki mbili nilikuwa nikimvizia mtu huyu kama askari wa barabarani anavyovizia lori lisilo na karatasi, na aliyetaka kuzuia gari lisitembee, kwa s mbili na t isiyotamkwa, ni mimi.

"Tutume picha," nilisema.

Alitandaza kitambaa cheupe cha meza, kile cha Noeli, akalaza juu yake vipande vya juwe lililoungua, akavipanga vizuri hadi matundu yote yakaonekana, na akapiga picha. Hatukuandika neno lolote. Mdogo wangu alijibu kwa kidole gumba.

Kisha tulingoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kazi. Maduka ya Arua yalifungwa kwa Bonane. Yalifunguliwa. Juwe lilinunuliwa Alhamisi, lilipewa dereva Ijumaa, na Ijumaa jioni dereva alipiga simu kusema gari lake limelala Mahagi kwa sababu ya juwe. La kwake. Nilichukua karatasi safi nikaandika barua yangu ya kukataa, nikaitia ndani ya bahasha, nikaweka bahasha juu ya kabati. Mume wangu aliiona. Alitoka nje akaenda kupangusa buloni zilizokwisha kupanguswa, na safari hii sikuuliza kwa nini.

Jumamosi saa sita mchana juwe lilifika, bapa, jepesi, limefungwa kwenye katoni ya sabuni lisipindike. Alilishika kwa ncha za vidole. Lilikuwa lenyewe.

Sasa lilibaki jambo moja ambalo fizikia yake ilijua na mikono yake haikujua. Buloni za kulasi hazikazwi hadi uchoke. Zinakazwa kwa nguvu maalumu, zote sawa, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu. Ukilegeza maji yanapita, ukizidisha buloni inakatika ndani na hapo ni kilio. Kuna kle ya kupima nguvu hiyo. Aliyekuwa nayo alikuwa fundi wetu, na ilikuwa imefungiwa ndani ya garaji yake.

Mume wangu alikwenda sokoni akaazima mizani ya kutundika kwa muuza nyama. Muuza nyama alikubali kwa sharti kwamba irudi kabla ya misa ya Jumapili, akauliza ni nyama ya nini. Aliambiwa ni ya moteri, akangoja habari zaidi, hazikuja. Kle ilitiwa bomba la chuma kuirefusha hadi nusu mita, mizani ikafungwa kwenye ncha ya bomba, na hesabu ikaandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba yetu, ambapo ipo hadi leo kwa sababu hataki ipakwe rangi. Nguvu mara urefu. Mzunguko wa mwisho, kilo kumi na mbili.

Yeye alivuta, mimi nilisoma. Nilisimama nimeegemea bodi kwa sababu ya nyonga, uso wangu karibu na mshale wa mizani, yeye akiwa upande wa pili haoni kitu.

"Nane," nilisema. "Tisa. Kumi. Kumi na moja. Polepole. Kumi na mbili. Areta!"

Aliacha pale pale. Buloni ya pili. Ya tatu. Mara thelathini kwa jumla, na mara thelathini aliacha pale pale niliposema. Kwenye buloni ya saba ya mzunguko wa mwisho mshale ulisita na nilichelewa kidogo kusema, na alisimama mwenyewe, akauliza, "Imefika?" Nilisema bado kidogo. Alivuta kidogo. Nilifikiri, ningeweza kumwambia namba yoyote, na angeiamini. Nilitaka kulia, lakini mshale ungenipotea.

Jumapili baada ya misa tulitia mafuta, tukatia maji, tukaunga nyaya zote kwa majina niliyoyaandika. Zilibaki buloni mbili ndogo zisizo na kwao. Alizitazama akazitia mfukoni. Aliingia garini akageuza ufunguo. Moteri ilijikaza, ikakataa. Mara ya pili ikatoa mlio ambao sikuupenda. Mara ya tatu ikawaka, ikatapika moshi wa mazutu ya kuoshea hadi jirani mwenye ng'ombe akatoka nje, kisha ikatulia, ikawa inanguruma sawasawa, kama gari la mtu yeyote.

Niliruka, kwa mguu mmoja. Yeye hakuruka. Alifungua mfuniko wa maji akatazama kama kuna mapovu, akakaa hapo nusu saa nzima amechuchumaa. Kisha akasimama. "Itakufikisha," alisema, akaingia ndani, akashusha bahasha kutoka juu ya kabati, akanipa niichane mwenyewe.

Jumatatu alitaka aendeshe yeye, siku hiyo moja, asikilize moteri kwenye mpando. Mwenzake angemshikia saa yake ya kwanza ya darasa. Nilivaa suti ya kitenge niliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Yeye alivaa shati jeupe na koti lake la shule, kwa kuwa alikuwa anarudi moja kwa moja kufundisha. Tulipita vizuizi, tukapita mahali lilipotufia. Mimi nilijifanya sipatambui. Yeye alizima redio, akasikiliza, akaiwasha tena.

Kwenye shule walikuwa wanatungoja. Wanafunzi walikuwa wamepanga mistari mbele ya bendera, walimu wamesimama pembeni, na sentineli, yaani mlinzi, mzee mmoja aliyevaa koti refu, alifungua milango yote miwili ya ua. Gari liliposimama alikuja mbio. Alikwenda moja kwa moja kwa mlango wa mume wangu, akaufungua kwa mikono miwili, akavua kofia.

"Karibu sana, Monsieur le Préfet," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bendera. "Siye tulikuwa nakungojea."

Walimu walipiga makofi.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa na haukusogea. Maneno yale mume wangu aliyaandikia barua tatu. Sasa yalikuwa yamekuja yenyewe, yamevua kofia, yamemfungulia mlango, na hakuna aliyekuwa ameyasema kwa ubaya. Hakumkatiza mzee. Aliyasikiliza hadi mwisho, na makofi pia aliyasikiliza hadi mwisho, mikono yake juu ya usukani, kucha zake nyeusi.

"Aksanti, muzee," alisema. "Lakini prefe iko ku mulango ingine. Funga yangu, enda ufungue ya yeye."

Mzee aliduwaa, akaomba radhi, akazunguka gari mbio, akanifungulia. Nilishuka. Makofi yalianza upya, yenye kusitasita. Niligeuka nimtazame, naye alikuwa tayari ameingiza gia ya nyuma, anaangalia kwenye kioo asimkanyage mtoto wa mtu. Nilimpenda wakati ule kuliko siku aliyonioa, na sikumwambia, kwa sababu shule nzima ilikuwa inanitazama. Aligeuza gari polepole uwanjani akatoka, na baada ya muda nilisikia moteri ikipanda kuelekea Bunia, ambako saa ya pili wanafunzi wake wa fizikia walikuwa wanamngoja.